Ziwa, Reli na Mgongo wa Mtu

Fundi wa mashua pale Dunga hupiga nyundo kidogo kidogo, sikio likiwa karibu na ubao. Nilimkuta asubuhi moja akitia kalafati mashua iliyoinuliwa juu ya magogo, mkuku wake umechomoza mbele kama mdomo wa korongo. Alichukua pamba, akaisokota kiganjani mpaka ikawa kamba nyembamba, akaichovya mafuta, akaisukumiza kwenye mwanya wa mbao kwa patasi butu. Mlio hubadilika pamba inapokaa sawasawa, ndiyo maana alikuwa anasikiliza. Nikamuuliza, "Jaduong', na ukisahau mwanya mmoja?"

"Basi vijana watakumba maji kutoka hapa mpaka Mfangano," akasema bila kuinua macho. "Hawatavua. Watakumba tu."

Nyuma yake omena walikuwa wametandazwa juu ya nyavu kuukuu, na ghuba ya Winam ilikuwa imetulia, rangi ya chai ya maziwa karibu na ufuo, kijivu kule mbali. Ukisimama Dunga hulioni ziwa lenyewe. Unaiona ghuba tu, ndefu, ya kina kifupi, na vilima vya Nyakach ng'ambo ya pili. Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, ile isiyo na ng'ambo, iko mbele zaidi, ukishapita Uyoma na Rusinga, pale nchi kavu inapokaribiana na visiwa na kuacha mlango mwembamba. Kisumu imekaa chumba cha ndani. Nayasema haya mapema kwa sababu zaidi ya miaka 110 iliyopita kulipiganwa vita juu ya maji haya, na aliyeshinda ni yule aliyekuwa amekaa chumba hiki cha ndani, na reli mgongoni mwake.

Wapenzi wa historia ya vita hupenda siku. Hutaka asubuhi yenye ukungu, meli zikionana, mizinga ikilia, na kufikia jioni dunia imegeuka. Siku za namna hiyo zipo. Mwezi wa Mei 1905, katika mlango bahari wa Tsushima, Wajapani walizizamisha au kuziteka karibu zote meli za Urusi zilizokuwa zimezunguka nusu ya dunia kutoka Baltic. Ilichukua siku mbili, na kabla mwaka haujaisha mkataba wa amani ulikuwa umetiwa saini. Hata jirani yetu Ziwa Tanganyika lina siku zake. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizokuwa zimeburutwa nchi kavu kupitia Kongo, ziliiteka Kingani ya Wajerumani, na tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikaenda chini. Vitabu vimeandikwa juu ya siku hizo mbili.

Ziwa letu nimelitafutia siku kama hiyo kwa miaka mingi. Nimepata matukio. Siku sikuipata mahali nilipoitarajia.

Tuanze Karungu, kwenye ghuba ile ya kusini ambayo leo iko kaunti ya Migori. Kabla makao ya utawala hayajahamishiwa Kisii, Karungu ndiyo iliyokuwa boma la serikali. Septemba 1914, vita havijatimiza hata miezi miwili, Wajerumani walivuka mpaka na kuingia mji wa Kisii. Maafisa wa Kiingereza walikuwa wamekwisha kuondoka. Tarehe 12 kikosi cha Keya, askari Waafrika wa Waingereza, kikawafikia, na pande zote mbili zikaumizana vibaya mchana kutwa. Kamanda wa Keya aliuawa. Wajerumani nao wakajikokota kurudi walikotoka, na majeruhi wao. Siku tatu baadaye meli ya abiria ya Kisumu, Winifred, ilikwenda Karungu ikamkuta adui ghubani: Muansa, meli ndogo ya Wajerumani iliyofungwa mzinga. Winifred haikuundwa kwa vita. Iliundwa kubeba marobota ya ngozi, magunia na abiria wenye tikiti. Ilirudi nyuma. Baadaye ikarejea pamoja na Kavirondo, meli ya kuvutia matishari, na Wajerumani wakawa wamekwisha kuiacha Karungu.

Kwa hesabu ya majeshi makubwa, hili ni dogo. Lakini jaribu kusimama mahali pa mtu wa Gusii wiki ile. Miaka sita tu nyuma, mwaka 1908, Waingereza walikuwa wameipiga nchi yake, wakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe, baada ya Otenyo kumchoma mkuki mkuu wa wilaya, Northcote. Watu waliambiwa nguvu hii haina mshindani. Sasa wanaona wenye nguvu wamefunga virago na kuondoka. Wazungu wengine wanaingia, Wazungu wanauana wao kwa wao vilimani, kisha hata walioingia nao wanaondoka. Kwa siku kadhaa boma halina mwenyewe. Watu waliingia ofisini na madukani wakachukua walichochukua. Waingereza waliporudi walitoza malipo kwa mkono ule ule wa 1908: moto na ng'ombe.

Na kulikuwa na neno lililotangulia. Mwaka 1913, huko Alego, mtu mmoja aitwaye Onyango Dunde alisimulia kwamba joka kubwa la ziwani, Mumbo, lilimmeza, kisha likamtema mzima, likampa ujumbe awapelekee watu: Wazungu ni adui, na wakati wao utakwisha, wataondoka. Ujumbe huo ulisafiri kuelekea kusini ukakuta Gusii imeshayaona ya Septemba 1914 kwa macho yake, ukashika mizizi huko kuliko hata ulikozaliwa. Serikali iliuogopa kwa miaka mingi. Viongozi wake wakapelekwa uhamishoni pwani.

Nimesoma wanaoandika habari za Mumbo kana kwamba ni kichaa cha watu wasiojua. Siwakubali. Watu hawa walikuwa wamesoma ushahidi uliokuwa mbele yao, na ushahidi ulikuwa wa kweli. Boma lilikuwa tupu kweli. Winifred ilirudi nyuma kweli. Na waliposema kwamba jambo hili litaamuliwa na kilichomo ziwani, walisema kitu ambacho kila ofisa wa majini angekikubali. Wasichoweza kukiona kutoka vilima vya Kisii au ufuo wa Karungu ni kile kilichokuwa nyuma ya Winifred, nyuma ya ghuba, nyuma ya mlango wa Rusinga. Walikiona chombo, asili yake ilikuwa mbali na macho yao.

Yaliyofuata majini nayapitia kwa haraka. Novemba 1914 Sybil, pacha wa Winifred, ilipanda mwamba karibu na Majita, upande wa Wajerumani, ikaachwa pale. Wajerumani hawakuweza kuiondoa. Machi 1915 Winifred, safari hii ikiwa na meno, iliikimbiza Muansa mpaka ikapanda nchi kavu. Mei mwaka huo Waingereza walikwenda Majita wakaikwamua Sybil, wakaivuta hadi Kisumu. Tangu hapo hapakuwa na wa kuwazuia. Wajerumani walikuwa wamebaki na vyombo vidogo vya kujificha nyuma ya visiwa.

Tafadhali irudie habari ya Sybil, maana ndani yake mna jibu la swali langu. Meli imekwama upande wa adui miezi sita. Adui hana mafundi wa kutosha, hana karakana, hana mnyororo wa kuivuta. Mwenyewe anakuja, anaikwamua, anaipeleka Kisumu, na Kisumu kuna chelezo, kuna mabamba ya chuma, kuna boila, kuna ribiti za kila kipimo, na likikosekana lolote treni italileta. Meli iliyopotea inafufuka. Muansa ikiumia, nani atamletea Muansa bamba jipya?

Siku niliyokuwa naitafuta iko Desemba 1901. Ndiyo siku reli ilipofika maji. Mahali pale Waingereza walipaita Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandikaji wa reli. Wenyeji waliendelea kusema Kisumo, mahali pa kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana, na jina la wenyeji ndilo lililosimama. Karibu kilomita 940 kutoka Mombasa: Taru isiyo na maji, Tsavo na simba wake, mteremko wa Bonde la Ufa, mvua za Mau, kisha tope la Kano. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 wakafa kazini. Siku msumari wa mwisho ulipogongwa, hakuna aliyekuwa akiwaza vita na Wajerumani. Lakini kuanzia siku hiyo, chochote kilichoweza kuingia ndani ya behewa kingeweza kuelea juu ya Nam Lolwe.

Meli zenyewe zilikuja hivyo hivyo. Nyingi ziliundwa na kampuni ya Bow, McLachlan mjini Paisley, Uskoti. Fundi wa kule aliisimamisha meli nzima kiwandani, akaifunga kwa bolti, akahakikisha kila bamba limekaa na mwenzake. Kisha kila kipande kikatiwa namba, bolti zikafunguliwa, na meli ikawa rundo la chuma. Rundo likavuka bahari hadi Mombasa, likapanda treni, likashuka Kisumu. Huko mafundi wengine, ambao hawajawahi kumwona yule wa Paisley, wakazisoma namba, wakainua mataruma juu ya mkuku, wakabandika mabamba, na safari hii badala ya bolti wakapiga ribiti za moto, moja baada ya moja, mpaka chuma kikazuia maji. Clement Hill na Nyanza zilielea mwaka 1907. Usoga na Rusinga zikafuata katika mkesha wa vita. Nilimweleza fundi wa Dunga habari hii. Akaweka nyundo chini, akafikiri, akauliza jambo ambalo sijaliona kitabuni: "Na walioihesabu ikifika, walikuta vipande vyote?"

Jibu ni kwamba ile ya kwanza ilipata taabu. William Mackinnon iliagizwa wakati reli ingali mbali, na sehemu ya mzigo wake ilipita vichwani mwa wapagazi. Mackinnon mwenyewe, mwenye kampuni iliyoanzisha utawala wa Waingereza nchini, alikuwa amekufa tangu 1893. Meli yenye jina lake ilielea mwaka 1900. Fikiria kipande cha boila juu ya ngata ya majani, shingoni mwa mtu, kikipanda Mau. Iweke akilini picha hiyo; itarudi.

Wajerumani je? Wao pia walikuwa na reli, nzuri na mpya, lakini ilikwenda kwingine. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma Februari 1914. Ndiyo maana meli yao kubwa, Graf von Götzen, iliyokuja kwa makasha kutoka Papenburg, iliundwa Ziwa Tanganyika, na huko ndiko ilikozamishwa na mafundi wake wenyewe mwezi wa Julai 1916, ikainuliwa baada ya vita, na hadi vizazi vyetu ikaitwa Liemba. Mwanza haikuwa na reli. Ilikuja kufikiwa mwaka 1928, na Waingereza. Kabla ya vita, ngozi, karanga na kahawa za Mwanza na Bukoba, mali ya nchi ya Wajerumani, zilitoka kwa meli za Waingereza kupitia gati ya Kisumu. Vita vilipotangazwa Agosti 1914, mfanyabiashara wa Kijerumani wa Mwanza aligundua kwamba njia yake ya kwenda baharini ilikuwa ndani ya nyumba ya adui.

Basi ndivyo vita vya ziwa vilivyoamuliwa, miaka 13 kabla ya mzinga wa kwanza. Karungu na Majita na ule mwamba vilitangaza tu matokeo.

Baada ya hapo Kisumu ikawa bandari ya vita. Tarehe 20 Juni 1915 askari zaidi ya 1,500 walipanda meli hapa, Waingereza, Wahindi na Keya, pamoja na mwindaji mashuhuri Frederick Selous aliyekuwa na umri wa miaka 63. Walishuka Bukoba tarehe 22, wakauteka mji tarehe 23, wakaangusha mnara wa simu ya upepo, mji ukaporwa, wakarudi melini. Juni 1916 walichukua Ukerewe. Tarehe 14 Julai 1916 Mwanza ikawa yao. Nyanza na Uganda hazikutishwa tena kutoka majini, na njia ya kuelekea Tabora, kiungo cha Reli ya Kati, ikafunguka kutoka kaskazini. Wabelgiji waliokuwa wakitoka magharibi ndio walioingia Tabora kwanza, tarehe 19 Septemba 1916. Wajerumani wakasukumwa kusini, na vita vikaendelea kuzunguka misitu ya kusini na Msumbiji mpaka kamanda wao, Lettow-Vorbeck, aliposalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Ushindi wa ziwa haukumaliza vita. Ulivisogeza vikaondoka ufuoni kwetu, vikaingia bara.

Huko bara ndiko hesabu ilikobadilika. Meli inaishia Mwanza. Kutoka Mwanza hadi Tabora ni zaidi ya kilomita 300 na reli hakuna. Ng'ombe wa kukokota na farasi wanakufa kwa mbung'o. Magari ni machache na masika yakija yanazama kwenye tope. Kilichobaki ni mtu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa pauni 50 hadi 60, tuseme kilo 25. Mpagazi huyo anakula. Akila kilo moja ya unga kwa siku, mzigo wake wote ataumaliza mwenyewe kwa siku 25, na akiwa ni wa kwenda na kurudi, siku ya kumi na tatu awe amekwisha kugeuza uso. Kwa hiyo nyuma yake lazima awepo mwingine wa kumbebea yeye chakula, na nyuma ya huyo mwingine. Kadiri askari walivyomfuata Mjerumani kusini, ndivyo mstari wa vichwa ulivyorefuka. Tani moja iliyotoka Mombasa hadi Kisumu kwa treni, na Kisumu hadi Mwanza kwa meli bila mtu kutokwa jasho jingi, sasa iligeuka kuwa mizigo 40 juu ya watu 40.

Watu hao walitoka wapi? Wengi mno walitoka mkoa wetu. Mkuu wa mkoa wa Nyanza aliyekaa Kisumu alikuwa John Ainsworth, na serikali ilipotaka watu, mkoa wake wenye watu wengi ulikuwa wa kwanza kuombwa, baadaye kushurutishwa. Sheria ya 1915 iliruhusu kuwachukua watu kwa nguvu na kuwalipa kiasi cha rupia 5 kwa mwezi. Mwaka 1917, vita vilipohitaji watu kuliko wakati wowote, Ainsworth mwenyewe ndiye aliyepewa kazi ya kuwakusanya kutoka nchi nzima. Machifu walipewa idadi. Kijana aliyelala kwake usiku aliweza kuamshwa na askari wa chifu na kabla ya jua kuchomoza yuko njiani, kamba mkononi.

Jeshi hilo la wapagazi Waingereza waliliita Carrier Corps, na vinywa vyetu vikalifanya Kariakoo kule Dar es Salaam, Kariokor kule Nairobi. Leo ni masoko, watu wananunua vitenge na vikapu. Wachache hukumbuka wakiitaja kwamba wanataja kambi ya wabeba mizigo.

Kilichowaua wengi hakikuwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia na uchovu. Mtu aliyelelewa kwa mtama na samaki alipewa unga wa mahindi uliosagwa kavukavu, hana chungu cha kutosha, hana kuni kavu, hana muda, akaula ukiwa nusu mbichi, matumbo yakakatika. Walio wa maziwa na nyanda za joto walipelekwa milimani bila blanketi la maana, na waliozoea baridi wakapelekwa Rufiji. Hesabu ya serikali yenyewe inazidi wafu 40,000, na wanaoijua vizuri kazi ya kuhesabu siku zile wanaamini waliokufa ni zaidi ya hapo.

Wengi walikufa bila mishahara yao kudaiwa. Jina liliandikwa vibaya, au kijiji hakikuandikwa, au karani alisikia "Otieno" mia moja asijue yupi ni yupi. Fedha zikabaki. Ainsworth, na Oscar Watkins aliyekuwa amewaongoza wapagazi hao, walitaka fedha hizo zirudishwe kwa faida ya watu waliozitolea jasho. London ilikataa. Katika yote niliyoyasoma kuhusu vita vile, hili ndilo linaloniuma kuliko mengine. Kifo cha vita mtu anaweza kukieleza kwa amri, kwa haraka, kwa ujinga wa tabibu. Kukataa huku kuliandikwa mezani, kwa utulivu, vita vikiwa vimekwisha.

Waliorudi hawakurudi kama walivyokwenda. Walikuwa wameona Mzungu akiumwa tumbo, Mzungu akilia, Mzungu akikimbia. Walirudi wakakuta kodi imepanda, kipande cha utambulisho kinaning'inizwa shingoni, na mwaka 1920 nchi ikageuzwa koloni. Desemba 1921 watu walikusanyika Lundha, Gem, kuyasema hayo wazi, katika vuguvugu waliloliita Piny Owacho, nchi imesema. Onyango Dunde alikuwa amesema joka limesema. Miaka minane baadaye nchi ikasema yenyewe.

Nilitoka Dunga mchana nikaenda bandarini. Reli bado inaingia hadi ukingoni mwa maji. Vyuma vyake viwili vinakwenda mpaka gati na kuishia hapo, na meli ya Uhuru, iliyoundwa kubeba mabehewa, ilijengwa kwa ajili ya kuuendeleza mstari huo juu ya maji. Nilisimama pale reli inapoishia. Kushoto kwangu makuli walikuwa wanapakia lori, mmoja akiwa juu akipokea, wawili chini. Yule mfupi aliinama, mwenzake akamwekea gunia kati ya mabega, akasimama nalo kwa mwendo mmoja, mguu wa kulia mbele, kichwa kimeinamia kushoto ili gunia lipate pa kukaa. Kwenye shingo yake, chini kidogo ya nywele, ngozi ilikuwa imekuwa ngumu na nyeusi zaidi, upana wa kiganja. Alipolitua gunia alijifuta pale pale kwa fulana.

Winifred, Sybil, Kavirondo, Nyanza, Usoga, Rusinga, Clement Hill, William Mackinnon. Majina hayo manane nimeyaandika bila kufungua kitabu, na nina hakika kwamba yeyote anayependa habari za ziwa hili anaweza kuyataja. Hakuna jina hata moja la mpagazi wa Nyanza aliyekufa kwenye njia ya Tabora ambalo ninaweza kuliandika hapa.

Kwa hiyo nakuomba, msomaji wa Seme, wa Nyakach, wa Karungu, wa Alego, wa Gusii. Kama katika ukoo wenu kuna anayetajwa kwamba alikwenda Kariakoo asirudi, hata kama kilichobaki ni jina moja tu na jina la baba yake, muulize aliye mkubwa kuliko wote nyumbani, uliandike leo, na uandike pia kijiji alikotoka.